Soketi Tano na Mama Mkwe

Panya mimi simlaumu. Panya ni panya, ukimwachia waya atatafuna. Ninayemlaumu ni shemeji yangu Mwandu, aliyejaza magunia ya mpunga ndani ya Noah yake msimu mzima kana kwamba ni ghala. Panya wakahamia humo, na mpunga ulipoondoka wakageukia nyaya. Halafu huyo huyo Mwandu, badala ya kunipigia simu mimi ambaye ni fundi umeme wa magari na nimemwoa dada yake, akashika bisibisi akaanza kulitibu gari mwenyewe.

Nilifika kwao, nje kidogo ya Majimoto, kwa basi kutoka Mpanda, nikiwa na kazi moja tu: gari liwake, mama mkwe apelekwe hospitali. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Mpanda kuwapasua watu wenye mtoto wa jicho, na walikuwa wanakaribia kuondoka. Mgonjwa alitakiwa afike kabla ya saa kumi jioni apimwe, kesho yake apasuliwe, basi, madaktari wafunge vifaa vyao. Asiyefika angoje watakaporudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mke wangu Minza alikuwa kule kwenye foleni tangu alfajiri, ameshika nafasi ya mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amebakiwa na uwezo wa kujua kama ni mchana au usiku. Ukipita mbele yake aliona kivuli tu, asijue kama ni mtu au ni ng'ombe.

Na msiniulize kwa nini hakupanda basi. Basi hupita alfajiri, na alfajiri hiyo Mwandu alikuwa bado anatuapia kwenye simu kwamba gari litawaka muda si mrefu. Bodaboda mama hapandi tangu imwangushe mtoni. Na ilikuwa siku ya mnada, kwa hiyo kila chenye magurudumu, na kila jirani mwenye miguu, alikuwa mnadani.

Sasa niwaeleze tatizo lenyewe, maana asiyelijua ataona nina hasira za bure. Chini ya dashibodi ya gari lile kuna boksi la fyuzi. Nyuma ya boksi kuna ukuta wa chuma unaotenganisha injini na ndani ya gari, na ukuta huo una tundu. Kwenye tundu ndiko zinakotokeza soketi tano, zenye nyaya zote za maana. Huwezi kuzichomeka moja moja, kwa sababu boksi lenyewe linazifunika. Unakaza bolti ya katikati, boksi linavutwa polepole, na soketi zinaingia zote tano kwa pamoja au haiingii hata moja. Ikilala moja tu, pini zinapinda. Ndiyo maana kuna fremu ya plastiki ya kuzishika zikiwa zimenyooka.

Fremu hiyo Mwandu aliivunja kwa bisibisi. Alipoona soketi zinaning'inia kila moja kivyake, akachukua kamba akazifunga zote shingoni, kama anavyofunga ndama wakati mama zao wanakamuliwa.

"Zilikuwa zinatawanyika, shemeji," aliniambia. "Nikazikusanya."

"Kila moja inaangalia upande wake!"

"Lakini si ziko pamoja?"

Nikafungua mafundo yake, ambayo fahali asingeyakata. Nyaya zilizoliwa nilikuwa nimeshaziunga na kuzifunga tepu, hapo sikuwa na wasiwasi. Nikamweka Mwandu upande wa injini, boneti iko wazi, apitishe mikono tunduni azishike soketi zikae sawa. Mimi nikalala chali ndani ya gari, miguu nje ya mlango, boksi kifuani, spana mkononi.

Mikono ya Mwandu imezoea kukamata pembe. Mmoja uliingia ukajaza tundu lote, wa pili ukakosa njia. Alishika tatu, mbili zikalala. Akashika zile mbili, tatu zikamtoroka. Nilimwambia taratibu, akaongeza nguvu. Nilimwambia aache kusukuma, akavuta. Tulikuwa katika hali hiyo simu yake ilipolia, na kabla hajamaliza kusema haloo nilijua nimempoteza. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mpunga wa mtu.

"Narudi sasa hivi, shemeji," alisema, tayari yuko juu ya pikipiki.

Sasa hivi ya Mwandu naijua. Aliwahi kuja mjini kwetu kunywa chai sasa hivi, akafika Krismasi.

Tukabaki mimi, gari, na mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jiko na furushi lake mapajani tangu jua lichomoze, amevaa kitenge kipya, anasubiri kuitwa apande.

Hapa lazima niseme habari ya ukwe. Mimi ni Mbende. Sisi mama mkwe tunamheshimu, lakini tunamsalimia, tunakula kwake, na tukikosana tunakosana kama watu. Kwa kina Minza, Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, mambo ni mengine. Katika ukoo wao mama mkwe na mume wa binti yake hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Kukiwa na la kusema na hakuna mtu wa katikati, kila mmoja anaongea na chochote kilicho karibu, kuku au sufuria, na mwenzake anasikia. Kugusana ndiyo usiseme kabisa. Mjomba wake Minza alijikwaa msibani akamshika mama mkwe wake bega asianguke, na mpaka leo watu wakimtaja wanaanza na bega.

Kwa hiyo mama kuwa pale hakukunisaidia kitu. Nilikuwa peke yangu, tena nikiwa na mtu.

Simu yangu ikalia. Ni Minza.

"Baba Glory, mmefika wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwenu."

"Wenzetu wanaingia," alisema. "Mwandu yuko wapi?"

"Kafuata ng'ombe."

"Mungu wangu! Sasa inakuwaje?"

"Sasa nina mikono miwili, Mama Glory, na kazi inataka minne."

Nikajaribu hiyo miwili. Nilizishikiza soketi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, zikarudi zinakotaka. Nilizitegemeza kwa vijiti, vijiti vikaanguka ndani ya gari. Nilizibana kwa tepu, kisha nikatambaa haraka kuingia ndani, nikaweka boksi, nikakaza, nikasikia krr. Nikatoa. Pini moja imelala. Niliinyoosha kwa ncha ya sindano, nimeshika pumzi, maana pini ukiinyoosha mara mbili tatu inakatika, na ikikatika hapo hadithi imeisha. Nikarudia yote tangu mwanzo. Krr.

Hapo nilitukana. Nilitukana panya, nikatukana plastiki, nikatukana mpunga wa Majimoto wote, kisha nikaupanda ukoo wa Mwandu kutoka chini kwenda juu. Nilikuwa karibu na kileleni nilipokumbuka kuwa mkuu wa ukoo huo amekaa jikoni, na masikio yake hayana mtoto wa jicho.

Jogoo mmoja akawika bila sababu.

"Wewe gari," sauti ilisema kutoka jikoni. "Hebu muulize huyo baba, hiyo mikono inayotakiwa ni ya namna gani?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Gari," nilisema, "mwambie mama ni mikono myembamba. Na umwambie anisamehe. Na asiwe na wasiwasi, Mwandu atarudi."

"Gari, mwambie Mwandu nimemzaa mimi. Akifuata ng'ombe harudi jua halijazama."

Nikasikia fimbo yake ikigonga ardhi, kisha kiganja chake kikipapasa ubavu wa gari, kinakuja mbele. Nilijifunika uso kwa tambara la grisi kabla sijakumbuka kwamba haoni. Alisimama mbele, kwenye injini.

"Gari, kati yetu si kuna ukuta?"

"Gari, mwambie upo. Wa chuma."

"Basi mimi niko uwanjani kwangu, yeye yuko huko ndani kwake. Hapo kuna mtu amemsogelea mwenzake?"

Aliviringisha mikono yake kwa vipande vya khanga ya zamani, vidole vyote, ili ngozi isikutane na ngozi, akaipitisha tunduni. Iliingia yote miwili bila kugusa kingo. Nilitaka kushangilia. Lakini ndipo taabu yenyewe ilipoanza.

"Gari, mwambie mama ashike ile ya chini kushoto."

"Gari, muulize. Kushoto kwangu au kushoto kwake?"

"Kwake."

"Kwake nani?"

"Kwake mama!"

"Basi aseme kwangu."

"Gari, mwambie nimesema kwake!"

Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Kila neno lilizunguka kwa hilo gari kabla ya kufika, na gari lenyewe ndilo lililotuponza. Tulipoelewana mwishowe, nilianza kukaza, bolti ikakaa nzito, nikajua kuna kitu. Nikachungulia kwa tochi. Nilikuwa nakaza khanga.

Tukaanza tena. Kwa khanga vidoleni hakuweza kusikia kama soketi imenyooka au imelala, alikuwa ameshika tu, kama mtu anayechambua mchele amevaa soksi mikononi. Soketi ya pembeni ikaanza kupinduka mbele ya macho yangu, polepole, na mimi spana iko mkono mmoja na boksi mkono mwingine.

"Sio hiyo, mama! Sio hiyo! Mbona husikii?"

Neno lilishatoka. Sio kwa gari. Kwake yeye, usoni, kwa sauti ya kumfokea mwanafunzi wa gereji.

Mikono ikatoka tunduni. Sikusikia fimbo, wala sikusikia hatua. Nililala pale na boksi kifuani nikisema moyoni, Kletusi, umemaliza kazi. Umemtukana mtu ukoo wake, ukamfokea, na sasa atakufa haoni. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani Mwandu.

Simu ikalia tena. Mikono yangu yote ilikuwa grisi, nikabonyeza spika kwa kiwiko.

"Baba Glory!" Minza alikuwa karibu kulia. "Muuguzi kasema ambaye hayupo nafasi yake anapewa mwingine. Nimewaomba, wamenipa mpaka hiyo saa kumi. Na Glory kanisumbua hapa, anauliza bibi akipona atamwona yeye kwanza au atamwona nani. Nimwambie nini? Mmetoka?"

"Tunatoka," nilidanganya, nikakata.

Kisha nikasikia kitambaa kikifunguliwa, mzunguko baada ya mzunguko, na khanga ikadondoka chini.

"Baba," alisema. Hakuliita gari. "Huyo mtoto anafanana na nani?"

Glory anakwenda miaka mitatu. Alipozaliwa, macho ya bibi yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Amembeba, amemkogesha, amemnusa kichwa, lakini hajawahi kumwona.

"Anafanana na wewe, mama," nilimjibu. "Paji la uso hili hili. Na ubishi."

"Ubishi ni wa kwenu," alisema, akapitisha mikono mitupu tunduni. "Haya. Sema."

Nikaweka vidole vyangu juu ya soketi ya katikati, kwa sababu hiyo haikuwa na mtu. Vidole vyake vikaja vikitafuta, vikavu, vyepesi, vikagusa vyangu. Vilishtuka vikarudi nyuma. Vyangu pia. Halafu vikaja tena, na safari hii havikurudi. Alizipapasa soketi moja moja kwa ncha za vidole, kama anatafuta jiwe kwenye mchele, akashika mbili kwa mkono huu na mbili kwa mkono ule.

"Hii ya juu imelala kwako," alisema.

"Ivute kidogo."

"Hapo?"

"Hapo hapo. Usibanduke."

"Sibanduki. Kaza."

Nilisukuma boksi kwa kifua. Likagusa midomo ya zote tano, nikatoa kidole changu, nikakaza robo. Yeye akasema ya chini inakwenda upande, akairudisha mwenyewe. Nikakaza robo nyingine. Pini zilikuwa zimeshaanza kuingia, lakini vidole vyake bado viko kati, na boksi linazidi kuja.

"Toa vidole, mama. Litakubana."

"Bado. Hii haijashika."

"Toa!"

"Nimesema bado. Kaza."

Nikakaza, naogopa. Akangoja, akangoja, kisha akavitoa vyote kwa mara moja, na boksi likaingia ukutani likalia ka! Mlio mmoja. Nimefanya kazi hii muda mrefu, mlio wa namna hiyo nausikia kwenye ndoto tu.

Nilibana nyaya za betri, nikawasha. Gari likawaka. Taa zote za dashibodi zikawaka na kuzimika kama zinavyotakiwa, na mimi nikapiga usukani kwa furaha mpaka honi ikalia. Mama alikuwa bado amesimama mbele, kiganja kimoja juu ya bati, anasikiliza mtetemo.

"Baba," alisema.

"Naam, mama."

"Hili halijatokea."

"Halijatokea kabisa."

"Na kuanzia sasa uongee na gari."

Alipanda kiti cha nyuma kabisa, akatungika kitenge kati yetu kama pazia. Sikupata hata kioo cha kuangalia nyuma. Tulipita Usevya vumbi likitufuata, tukaingia hifadhini tumefunga madirisha kwa ajili ya mbung'o, joto linatuchemsha, na hakusema neno mpaka Sitalike, alipolituma gari liniulize kwa nini naendesha kama nimebeba mayai. Huko nyuma Mwandu akapiga simu. Alikuwa amerudi.

"Shemeji, mbona gari silioni? Nimekuja kukushikia zile soketi."

Nilimkatia. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema mama mkwe wake akiwa nyuma ya pazia.

Tulifika kabla ya saa kumi. Minza alikuwa mlangoni, alimchukua mama yake mkono bila hata kunisalimia, wakaingia ndani. Kesho yake wakampasua.

Asubuhi ya kumfungua bandeji nilisimama mbali, upande wa pili wa uwanja wa hospitali, kama inavyotakiwa. Glory alikuwa na Minza mlangoni, lakini kitu gani kitamshika mtoto huyo? Alinichungulia, akachomoka, akavuka uwanja mbio, akanidai nimbebe. Nilimbeba nikiwa nimekasirika, maana muda ndio huu, na bibi yake anatakiwa amkute pale mlangoni, sio huku kwa mtu asiyetazamwa. Nikageuka nimrudishe haraka.

Mama alikuwa ameshatoka. Amesimama barazani, mkono juu ya macho kuzuia jua, anakodolea uwanja. Aliwatazama watu kwenye mabenchi. Akatazama kuku. Kisha akamwona mtoto, akaacha mdomo wazi, akateremka ngazi peke yake bila fimbo, macho yako kwenye uso wa Glory, anatembea, anacheka, machozi yanamtoka. Nami niliganda. Nilitaka kumweka mtoto chini, mikono ikakataa.

Alifika karibu kabisa. Alisoma uso wa mjukuu wake, paji, pua, kidevu. Ndipo macho yakapanda juu kidogo yakakutana na yangu.

"Mayu! Mama yangu!" alipiga ukelele, akavuta khanga kichwani, akanigeuzia mgongo kwa kasi mpaka akamkanyaga muuguzi aliyekuwa anamfuata.

Minza alikuwa amejishika mdomo. Mimi nilitaka kufoka. Nililala chali ndani ya gari lile, nikala grisi, nikatukanwa na bolti, na mwisho wa yote ninakimbiwa mbele ya hospitali nzima kama nina ukoma! Lakini machozi yalikuwa yananitiririka mpaka Glory akaanza kunifuta kwa kiganja.

Mama alikuwa bado amenipa mgongo. Akanyoosha mikono yake nyuma, mitupu, akingoja mtoto.

"Glory," alisema, "mwambie baba yako nimemwona."

Nikampa.